Karani Ndiye wa Kwanza Kuona



Mwaka 1993 kijana mmoja aliyeitwa David Munyakei alikuwa karani katika Benki Kuu ya Kenya. Hakuwa mkaguzi wala mwanasheria, na hakuna aliyemtuma kutafuta wezi. Kazi yake ilikuwa karatasi: fomu za wauzaji wa bidhaa nje zinafika mezani, anaangalia kama zimekamilika, zinaendelea na safari yake. Katika fomu hizo jina moja likawa linajirudia, la kampuni ya Goldenberg International, na mbele ya jina hilo palikuwa na fedha nyingi ambazo serikali ililipa kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi. Almasi Kenya haichimbi. Dhahabu yake ni ya kuokoteza. Sheria ilimruhusu muuzaji nje fidia ya asilimia 20 ya mauzo yake. Kampuni hii ilikubaliwa 35.

Forodha ilikuwepo, wizara ilikuwepo, wakaguzi walikuwepo. Aliyeshtuka ni karani. Nyaraka zikawafikia wabunge wawili wa upinzani, Paul Muite na Peter Anyang' Nyong'o, na kashfa ikatoka nje. Hasara inayotajwa mara nyingi inaanzia dola milioni 600 za Marekani. Munyakei alikamatwa, akashtakiwa kwa Sheria ya Siri za Serikali, na ingawa hakutiwa hatiani, kazi aliipoteza na hakurudishwa. Mwaka 2004 Transparency International ilimpa tuzo ya uadilifu. Mwaka 2006 alifariki akiwa bado na umri mdogo, maskini, huku kesi za wakubwa zikiwa zinatembea mahakamani.

Jioni hii nina jambo moja la kusema, na habari ya Munyakei inalibeba lote. Hatari ya rushwa kazini huonekana mapema, na huonwa kwanza na mtu wa chini: karani wa masjala, mtunza ghala, dereva, katibu muhtasi, mhasibu msaidizi. Ofisi isiyo na njia ya kumsikia mtu huyo bila kumwumiza haina kinga yoyote, hata ikibandika mabango ya maadili kuanzia getini hadi msalani.

Nimefanya ukaguzi wa ndani maisha yangu yote ya utumishi, na swali nililozoea kuulizwa ni hili: “Mwizi unamtambuaje?” Simtambui. Anasalimia vizuri, anasali, anachangia msiba, na mara nyingi ndiye mchapakazi kuliko wenzake. Mwaka 1953 mtaalamu wa Kimarekani, Donald Cressey, alichapisha utafiti alioufanya kwa wafungwa walioiba fedha walizoaminiwa. Aliona mambo matatu yakikutana: shida ya fedha ambayo mtu anaona haya kumweleza mwenzake, upenyo wa kuitatua kwa siri, na maneno ya kujiambia ili moyo utulie.

Maneno hayo tunayajua. “Nakopa tu, nitarudisha.” “Mshahara wenyewe huu.” “Huko juu wanakula mabilioni, mimi laki mbili yangu itaua nchi?” Na methali ya mbuzi anayekula kwa urefu wa kamba yake tumeigeuza kuwa kanuni ya utumishi. Nimeisikia ikitamkwa kikaoni, watu wakacheka, mwenyekiti wa kikao naye akacheka. Kicheko hicho kinanitisha kuliko gari jipya la mhasibu. Gari huenda kakopa. Kicheko kinaniambia kwamba maneno ya kujitetea yameshakuwa mali ya ofisi nzima, na aliyekuwa anasitasita sasa amepewa ruhusa.

Kwa sababu hiyo mkaguzi mwenye uzoefu haanzi na watu, anaanza na viti. Anauliza: hapa ni kiti gani ambacho anayekikalia anaamua peke yake, anachagua nani apate na nani akose, na hakuna anayepita nyuma yake kuuliza? Mwanauchumi Robert Klitgaard aliliweka jambo hilo katika mfano wa hesabu mwaka 1988, na sijaona mtu aliyelisema kwa ufupi zaidi. Mkalishe malaika katika kiti cha namna hiyo miaka mitano, halafu njoo umtazame.

Viti hivyo vipo kila mahali. Yupo mwenye mizani. Yupo mwenye ufunguo wa stoo ya dawa. Yupo anayepanga nani aende semina na nani abaki. Yupo anayeamua faili lipi lipande kwa bosi leo na lipi lilale wiki mbili. Huyu tunamdharau, mshahara wake mdogo, lakini mkandarasi anayesubiri malipo anamjua kwa jina, na jina la mtoto wake analijua pia.

Hata hivyo, nikipewa siku moja tu katika ofisi nisiyoijua, nakwenda kitengo cha ununuzi, na ninachoomba ni makabrasha ya manunuzi madogo. Makubwa yana bodi ya zabuni, yana matangazo, yana washindani watakaolalamika wakionewa. Madogo hayana mtu. Hapo utakuta mahitaji ya mwaka mzima yamekatwa vipande, kila kipande kikiwa chini kidogo ya kiwango kinacholazimisha ushindani. Utakuta profoma tatu za kampuni tatu tofauti, zote zimeandika “vifaa vya ofsi” katika mstari uleule, kosa lilelile. Utakuta ankara za mzabuni mmoja zenye namba zinazofuatana, 41, 42, 43, ilhali kati ya ya kwanza na ya mwisho imepita miezi sita. Maana yake ni kwamba mzabuni huyo hana mteja mwingine duniani isipokuwa ninyi. Utakuta sifa za jenereta zimeandikwa kwa undani wa ajabu, hadi urefu wa bomba la moshi, na jenereta ya namna hiyo mjini inauzwa na mtu mmoja.

Na utakuta hati ya kupokelea mali imesainiwa siku mbili kabla gari la mzigo halijaingia getini. Hilo utalijua kwenye daftari la mlinzi. Daftari la mlinzi ni waraka ninaouamini kuliko yote, kwa kuwa hakuna anayekumbuka kumhonga mlinzi.

Sasa tazameni nani amesaini hati ile ya kupokelea mali. Ni mtunza ghala. Nilipomwuliza mmoja, katika ofisi ambayo sitaitaja, alinijibu bila kuficha: “Mzee, niliambiwa saini, mzigo uko njiani.” Hakupata hata senti. Aliyepata ni waliogawana cha juu, na wao hawakuacha saini popote. Mtunza ghala aliiona hatari siku ileile, saa ileile, kalamu ikiwa mkononi. Alikosa mtu wa kumwambia. Aliyemwamuru asaini ndiye aliyekuwa akimjazia tathmini ya utendaji wake kila mwaka.

Ishara nyingine ni haraka. Mwaka 2006 Tanzania ilikumbwa na ukame, mabwawa yakakauka, umeme ukawa wa mgao, na katika hali hiyo shirika la umeme la serikali likaingia mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 na kampuni ya Richmond. Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilikuja kubaini kwamba kampuni ile haikuwa na uwezo wa kazi iliyopewa. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, akilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kusikilizwa. Ukame ulikuwa wa kweli. Giza lilikuwa la kweli. Na katika dharura ya kweli watu wazima wenye elimu hukubali kuruka hatua ambazo siku ya kawaida wasingeziruka.

Ila dharura nyingi za ofisini hazina ukame wowote. Ofisi imekaa kimya miezi tisa, Mei inafika, bajeti inakaribia kurudi Hazina, na ghafla kila kitu ni cha haraka: samani, matairi, mafunzo Morogoro. Dokezo linaletwa saa kumi na nusu jioni. Mleta dokezo anasimama mlangoni, hakai, anasema gari linasubiri. Ndugu zangu, gari na lisubiri.

Najua wengine mnasema kimoyomoyo: kwetu nyaraka zimekamilika. Nyingi za kashfa ya EPA nazo zilionekana zimekamilika. Ile ilikuwa akaunti pale Benki Kuu ya Tanzania kwa ajili ya madeni ya nje ya tangu enzi za uhaba wa fedha za kigeni. Katika mwaka wa fedha 2005/06 zililipwa shilingi bilioni 133 kwa kampuni 22. Ukaguzi wa Ernst & Young, ambao matokeo yake yalitangazwa Januari 2008, ulionyesha kwamba kampuni 13 kati ya hizo zililipwa takriban bilioni 90 kwa hati za kughushi. Gavana alitenguliwa uteuzi wake. Karatasi zilikuwepo, zikapigwa mihuri, zikafungiwa kwenye majalada. Kuangalia kama karatasi ipo ni kazi ya dakika mbili. Kumtafuta anayesemekana ameiandika na kumwuliza, “Hii ni yako?”, ni kazi ya asubuhi nzima, na huo ndio ukaguzi.

Vivyo hivyo watumishi hewa. Mwaka 2016, Rais Magufuli alipoagiza uhakiki, majina zaidi ya 10,000 yaliondolewa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Jina hewa halijiandiki lenyewe. Shuleni mwalimu mkuu anajua mwalimu fulani alifariki mwaka juzi. Mhasibu anajua. Wenzake waliomzika wanajua. Kila mwezi orodha inapita mikononi mwa watu hao, na kila mwezi kimya kinasaini.

Siku hizi tunaambiwa mifumo itatuokoa. Imesaidia, tuwe wakweli: malipo ya serikali kwa namba ya kumbukumbu yamepunguza fedha za mkononi dirishani, na zabuni za umma tangu 2023 zinapita kwenye mfumo wa NeST. Lakini nendeni mkaangalie kibandiko cha manjano chini ya kibodi. Nenosiri la mkuu wa idara linajulikana na katibu muhtasi, kijana wa kompyuta na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kwa sababu bosi hana muda wa kuingia mwenyewe. Mfumo utaonyesha kwamba bosi ameidhinisha saa saba usiku. Bosi alikuwa amelala. Siku ya kesi, atakayeulizwa ni nani?

Niingie sasa mahali ambapo vitabu vya wageni havitufai sana. Nazungumzia kadi ya mchango.

Ofisa ununuzi anamwoza binti yake. Kamati ya harusi inakaa, inachapisha kadi, na kadi zinasambazwa kwa ndugu, majirani, wenzake kazini, na wazabuni. Hakuna aliyetamka neno baya. Mjomba wa bibi harusi anatoa laki moja, tena kwa awamu. Mzabuni wa vifaa vya usafi anatoa milioni mbili kwa mkupuo. Jina lake linasomwa ukumbini, anapigiwa vigelegele, anakaa meza ya mbele. Miezi mitatu baadaye mkataba wake unafika mwisho na kikao cha tathmini kinaitishwa. Sabuni yake haitoi povu, wote wanajua. Nani atasema? Baba wa bibi harusi hawezi.

Simwambii mtu asichangiwe. Kuchangiana ndiko kunakotuoza na kutuzika, na mtumishi anayefukuza mkono wa pole msibani ataonekana ana kasoro ya utu, na ni kweli anayo. Ninachosema ni chembamba zaidi: angalia jambo la huyo anayetoa limelala kwenye meza ya nani. Kama faili lake liko kwako, au litakuja kwako mwaka huu, kadi isimfikie. Na kama imemfikia kwa mikono ya kamati, mchango uandikwe kwenye daftari la zawadi la ofisi, kiasi na tarehe, na wewe utoke kwenye kikao kinachomhusu. Zawadi unayoona haya kuiandika kwenye daftari hilo umeshajijibu mwenyewe kuhusu jina lake.

Msidhani mstari kati ya ukarimu na hongo ni rahisi kuuchora. Nchi nzima iliwahi kujaribu. Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania iliifuta. Kama wanasheria wa serikali walishindwa kuutenga ukarimu na hongo kwa maneno ya sheria, msimwachie ofisa ununuzi wa daraja la pili autenge peke yake akiwa na kadi mkononi. Ofisi iandike kiwango, iandike nani anaambiwa, na mkuu wa ofisi awe wa kwanza kuandika zawadi yake.

Kuna rushwa nyingine ambayo mkaguzi haioni kabisa, kwa kuwa haina ankara. Ni ya ngono. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania, ya mwaka 2007, inaitaja wazi katika kifungu cha 25: mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo, haki au upendeleo wowote, anatenda kosa. Hatari yake inakaa kwenye viti vilevile: anayeandika nani aongezewe mkataba wa muda, anayepanga safari za kikazi, anayesaini fomu za wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Dalili zake pia huonwa na watu wa chini kabla ya wengine. Dereva anajua kwamba safarini kilichukuliwa chumba kimoja. Katibu muhtasi anajua kikao gani hufanyika baada ya saa kumi na moja mlango ukiwa umefungwa. Mhudumu wa chai anajua nani ametoka analia. Na hawa wote hunyamaza, pengine kwa woga, pengine kwa sababu tumewafundisha kwamba heshima kwa mkubwa ni kutoona.

Basi umeona. Ufanyeje?

Kwanza, usikimbilie kusema kila mahali. Ofisi zetu zina ugonjwa wa majungu, na majungu yameua kesi nyingi za haki kuliko mawakili walivyoziua. Mtu ananung'unika kantini, habari inamfikia mhusika kabla haijamfikia mkaguzi, na kufika Ijumaa jalada halionekani. Isitoshe, si kila kosa ni wizi. Nimewahi kukuta malipo yaliyofanyika mara mbili, nyumba nzima ya wahasibu inatetemeka, na sababu ikawa ni binti aliyeanza kazi Jumatatu ambaye hakuonyeshwa kugonga muhuri wa “imelipwa” kwenye ankara. Kumwita mtu mla rushwa bila ushahidi ni dhuluma, na katika mji mdogo jina likichafuka halifuliki.

Andika. Tarehe, saa, namba ya hati, nani alisema nini, kwa maneno aliyoyasema. Andika ulichokiona kwa macho, na ulichoambiwa ukiweke kando, peke yake. Usijifanye mpelelezi: usifungue droo ya mwenzako, usibebe jalada nyumbani, usimwekee mtu mtego. Ukumbuke yaliyompata Munyakei. Sheria za siri zipo hata leo, na mwenye hatia atafurahi sana ukivunja moja kwa niaba yake.

Ukipewa agizo la mdomo ambalo halikukalii sawa, liombe kwa maandishi, kwa adabu kabisa. “Mkuu, naomba uniandikie dokezo ili niwe na kumbukumbu.” Sentensi hii imezuia wizi mwingi kuliko mihadhara kama huu wangu. Mwenye agizo halali ataandika, labda kwa kununa. Mwenye agizo la haramu atasema, “Basi, acha,” na hilo nalo ukaliandike.

Halafu peleka panapostahili. Mkubwa wako, kama hahusiki. Kama anahusika, mkaguzi wa ndani. Kama mkaguzi wa ndani anakula naye, kamati ya ukaguzi ya bodi, au kamati ya uadilifu kwa walio serikalini. Na huna haja ya kumaliza ngazi zote kabla hujaenda TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa; sheria yenyewe inamtaka anayejua kosa la rushwa atoe taarifa. Kwa ndugu zetu wa Kenya ni kali zaidi. Sheria yao ya Hongo ya mwaka 2016 inampa mwenye mamlaka, awe wa taasisi ya umma au ya binafsi, saa 24 kutoa taarifa kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi tangu alipojua au kushuku hongo. Saa 24 ni usiku mmoja tu wa kugeuka kitandani.

Kama aliyekujia ni mzabuni na bahasha yake, hapo pana kazi ndogo zaidi. Kataa mbele ya mtu mwingine ikiwezekana, bila hotuba na bila matusi, kisha ripoti siku hiyohiyo. Ukikataa ukanyamaza, atakwenda meza ya pili, na kesho akikamatwa atasema wewe ulitaka zaidi.

Hayo ni ya mfanyakazi, nayo ni nusu tu ya mhadhara. Nusu ya pili nawaelekezea mliokaa mbele, kwenye viti vyenye mito.

Chama cha Wachunguzi wa Udanganyifu, chenye makao yake Marekani, hukusanya kesi za wizi wa kazini kutoka nchi nyingi duniani. Katika ripoti yake ya mwaka 2024, asilimia 43 ya kesi ziligunduliwa kwa sababu mtu alitoa taarifa, na zaidi ya nusu ya watoa taarifa hao walikuwa wafanyakazi wa palepale. Ukaguzi wa nje, ule tunaoulipia kwa fedha nyingi na kuwaandalia wakaguzi chakula cha mchana, uligundua asilimia 3. Nawaheshimu sana wenzangu wa ukaguzi wa nje. Lakini mkuu wa taasisi anayejivunia hati safi huku wafanyakazi wake wanamwogopa, anajivunia ile 3 na ameizima ile 43.

Na anaizima vipi? Mara nyingi si kwa ukatili. Anauliza, “Nani kasema?” kabla ya kuuliza, “Kasema nini?” Taarifa inaletwa kwa siri saa tatu asubuhi, saa nne mhusika ameitwa “ajieleze”, na barua iko mezani, mwandiko wa mtoa taarifa unaonekana wazi. Mwezi unaofuata mtoa taarifa amehamishiwa kituo kisicho na nyumba, “kwa manufaa ya umma”. Ofisi nzima imeelewa. Hakuna atakayeona kitu tena kwa miaka kumi.

Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi tangu 2015. Inamkinga anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika, inakataza kulipiza kisasi, na inaruhusu hata kumzawadia. Ni sheria nzuri. Ila kisasi cha ofisini huwa hakina sura ya kisasi: ni likizo inayokataliwa, ni jina linaloachwa kwenye orodha ya mafunzo, ni tathmini inayoshuka kutoka “vizuri sana” hadi “wastani” bila maelezo. Hayo sheria haiyaoni kirahisi. Bodi inaweza kuyaona, ikiamua. Inaweza kuagiza kwamba uhamisho au adhabu yoyote kwa mtu aliyetoa taarifa isifanyike kwa miezi 12 bila idhini yake. Hiyo ni aya moja katika kanuni za utumishi, na haihitaji mfadhili.

Yapo mengine ya kawaida ambayo nayataja kwa haraka kwa sababu mnayajua na hamyafanyi. Aombaye, aidhinishaye, apokeaye na alipaye wawe watu wanne. Viti vya hatari vibadilishwe watu, na asiyekwenda likizo miaka mitatu mfululizo alazimishwe kwenda, tena siku zote kwa mkupuo, na kazi yake ikae mikononi mwa mwingine. Wizi wa vocha mara nyingi hufichuka mwenye meza akiwa likizo. Mgongano wa maslahi utangazwe mwanzo wa kila kikao cha zabuni, kwa sauti, si kwa fomu inayosainiwa mara moja kwa mwaka.

Mkifika ofisini Jumatatu, kabla ya kuagiza bango jingine la maadili, mwiteni mtunza ghala wenu, na karani wa masjala, na mlinzi wa getini, kila mmoja kwa wakati wake. Waulizeni ni karatasi gani waliyosaini mwaka huu bila kupenda. Kaeni kimya wakijibu. Msiandike majina. Kisha, kabla ya wiki hiyo kwisha, rekebisheni jambo moja kati ya waliyoyataja, ili waone kwamba kusema kuna faida. Na kama mtu wa chini hapa ukumbini amesikiliza akasema mkuu wake hatamwita kamwe, simu ya TAKUKURU ni 113, na kupiga ni bure.